Mtoto Niliyembeba Kifuani

Mwaka tuliooana, bibi yangu na mimi tuliteremka kutoka Butembo kwenda Beni. Mimi ni seremala. Butembo kila mtaa ulikuwa na maseremala wake, na Beni watu walikuwa wanajenga kwa pesa ya kakao. Yeye alikuwa amekulia vilimani, mahali ambapo asubuhi watu hutoka na makoti na mbu ni wachache. Joto la Beni lilimfurahisha. Alikuwa akifua asubuhi, na saa sita nguo zimekauka, na kila mara aliniita nije kuona kana kwamba ni ajabu.

Alipopata mimba tulifuata yote tuliyoambiwa. Chandarua nilikifunga mwenyewe juu ya kitanda, kwa misumari mirefu ya kazi yangu. Alikwenda kupima mimba kwenye kituo cha afya, na vidonge vya kuzuia malaria alivimeza palepale mbele ya muuguzi. Muuguzi alimwambia arudi kila mwezi, kwa sababu vidonge vile ni vya kurudia, na kwa sababu damu ya mtu wa milimani haijazoea malaria ya huku chini, tena kwa mimba ya kwanza.

Angerudi. Lakini mapigano yalisogea karibu na mtaa wetu, wauguzi wakakimbia na kituo kikafungwa. Sisi pia tulikimbia. Rafiki yangu wa kazi alitupokea kwake katikati ya mji, tukalala wengi katika chumba kimoja, bila chandarua. Nakumbuka bibi yangu akijipiga mashavuni gizani, akiua mbu, na watu wakicheka. Na mimi nilicheka.

Kituo kilipofunguliwa tena, tumbo lilikuwa limekua lakini yeye alikuwa amekwisha. Kope zake zilikuwa nyeupe kwa ndani. Kutoka nyumbani hadi bombani alipumzika njiani. Homa hakuwa nayo. Walimtoboa kidole, wakapima damu.

"Malaria hapana, Papa," muuguzi aliniambia. "Ni uchovu wa mimba. Ale sombe, ale maharagi."

Tulirudi tukiwa na furaha. Nilinunua sombe, majani ya muhogo, na samaki.

Baadaye, hospitalini, daktari alinieleza kwamba malaria ya mwenye mimba inaweza kujificha katika kondo la nyuma, pale mtoto anapopatia chakula. Kidole hakionyeshi kitu, mama hana homa, na kumbe wadudu wanakula damu yake na kumnyima mtoto chakula. Alisema huenda ndivyo ilivyokuwa. Nilimsikiliza kwa adabu. Wakati huo mtoto alikuwa ameshazaliwa, kabla ya miezi yake kutimia, na kichwa chake kilikuwa kinaenea katika kiganja changu.

Alikuwa wa kike. Mama yake alikuwa amepoteza damu nyingi wakati wa kuzaa, na ile kidogo aliyokuwa nayo haikutosha. Sasa homa ilikuwa imemshika kweli. Walimpeleka katika jumba jingine, ng'ambo ya ua. Mashine ya kuwatia joto watoto ilikuwepo, lakini umeme ulikuwa unakuja na kupotea. Muuguzi wa zamu, mama mmoja mfupi asiyependa maneno mengi, alinikuta nimesimama kwenye ukuta.

"Papa, vua shati."

"Mimi?"

"Ni wewe. Mama yake iko na homa, damu hana. Mutoto anapoa. Vua."

Alimweka mtoto kifuani mwangu, ngozi kwa ngozi, kama chura mdogo, akatufunga pamoja kwa kitambaa. Nilikaa kwenye kiti nikiogopa kupumua kwa nguvu.

Mama yangu alifika kutoka kwake Kayna, mbali kupita Butembo, na kikapu cha viazi kichwani. Alitutazama akiwa bado mlangoni.

"Mutoto yangu, ni nini hii? Mwanaume anabeba mutoto ndani ya shati? Batu batasema nini?"

"Batasema mutoto anaishi, Mukaka," muuguzi alimjibu, akimwita nyanya wa mtoto kwa Kinande.

Mama yangu alitua kikapu, akafungua kitenge chake kipya cha safari, akakikunja, akatufunga upya, vizuri zaidi kuliko muuguzi.

Tuliishi hivyo karibu wiki mbili. Nilijifunza kulala nimekaa. Bibi yangu, kitandani kwake ng'ambo ya ua, alikamua maziwa katika kikombe, na mama yangu aliyaleta amefunika kwa kisahani, akitembea polepole kwa sababu ya matope. Muuguzi alimnywesha mtoto tone kwa tone. Mama yangu alichukua pia maswali na kurudisha majibu.

"Bibi yako anauliza mutoto anafanana na nani."

"Umemwambia nini?"

"Wewe. Ameanza kulia, nikamwambia ni mapua tu."

Nilimwomba muuguzi aniruhusu nivuke ua, hata mara moja, mama amwone mtoto wake.

"Kule kuko magonjwa ya kila aina," alisema. "Na mama mwenyewe hata kukaa hawezi. Huyu mutoto hana nguvu ya kukataa ugonjwa. Ngoja mama apate damu, tutawaunganisha."

Alikuwa na haki. Sijawahi kumlaumu. Lakini ua ule ulikuwa mdogo, mtu angeweza kurusha chungwa kutoka mlango hadi mlango.

Akiba ya damu ya hospitali ilikuwa imekwisha, na damu yangu haikulingana na ya bibi yangu. Kaka yake alikuwa Butembo, damu yake ni ileile. Alitaka kuja siku hiyohiyo kwa pikipiki, lakini barabara ilikuwa imefungwa baada ya mama yangu kupita, magari yalikuwa yamechomwa njiani. Alikaa akisubiri, akinipigia simu kila asubuhi: "Shemeji, bado." Siku barabara ilipofunguliwa alifika mwekundu kwa vumbi hadi kwenye nyusi, akaenda moja kwa moja kulala kwenye kitanda cha kutolea damu bila kunawa uso.

Damu ile ilifanya kazi. Mama yangu alirudi jioni akiniambia bibi yangu amekaa, amekula bukari, ule ugali wa muhogo, ameomba chanuo. Alitaka kusuka nywele kabla ya kumwona mtoto.

"Kesho asubuhi," muuguzi alisema, na kwa mara ya kwanza nilimwona akicheka.

Asubuhi mtoto alikataa maziwa. Nilidhani ana usingizi. Kisha nikasikia mwili wake umekuwa moto juu ya mwili wangu, halafu baridi. Pumzi ilikuja, ikasimama, ikaja. Muuguzi alisema ugonjwa umeingia katika damu. Walimchoma sindano kwenye mguu uliokuwa kama kidole changu. Waliniacha naye kifuani, labda kwa sababu hakukuwa na mahali pengine pa joto zaidi. Pumzi ikasimama, na mimi nikangoja irudi. Nilijua kabla ya muuguzi kuja.

Sikumruhusu mtu mwingine aende kumwambia mama yake. Nilivuka ua nikiwa bado nimefungwa pamoja na mtoto katika kile kitenge. Bibi yangu alikuwa amekaa kitandani, nywele zimesukwa, na aliponiona mlangoni alinyoosha mikono yote miwili.

"Ni yeye?" aliuliza, akitabasamu.

"Ni yeye," nikasema. Nikakaa kando yake kitandani.

Alifungua kitenge mwenyewe. Alimtazama muda mrefu, vidole, masikio, mapua. Sijui ni wakati gani alielewa. Alimweka kifuani mwake, palepale ambapo angemweka, na hakuna aliyemharakisha.

Tulimzika Beni, tukarudi Butembo. Binti yetu wa pili alizaliwa huku, mnene, na kelele nyingi. Lakini kuna kitu hakijakaa sawa kati yetu, na sijui kama kitakaa. Siku zote za yule mtoto nilizipata mimi. Bibi yangu hana hata saa moja. Kila ninachokijua juu ya mtoto yule, ni lazima aniombe.

Juzi tulikuwa tunachambua maharagi, akaniuliza ghafla:

"Alikuwa analia namna gani?"

Nilijaribu kumwonyesha. Sauti ilikuwa nyembamba, kama mlango unaofunguliwa polepole, na koo langu ni la mwanaume. Binti yetu alicheka, akadhani namwiga paka. Mama yake alicheka pia, kisha akaacha.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.