Baruti Aliyoipima Verlin

Verlin Cottrill alipima mahindi ya watu tangu ujana wake mpaka alipostaafu. Kila lori lililoingia kwenye ghala la nafaka la mji wetu lilipita juu ya mizani yake, na mkulima aliyeanza kumtajia idadi ya madebe aliambiwa akamhesabie mkewe, maana Verlin aliamini uzito tu. Alikuwa mbishi huyo, lakini hakuwahi kumpunja mtu. Mimi ni jirani yake. Kila Januari, msimu wa kulungu hapa Ohio kusini ukifunguliwa kwa magobori, tulipanda kilima pamoja, mpaka miguu yetu ilipokataa.

Tangu mkewe afariki, Verlin alibaki na kazi moja aliyoiona ya maana, nayo ni kumpimia binti yake Twyla baruti. Gobori la Twyla limerithiwa kutoka kwa babu yake, na chuma cha mtutu wake ni chembamba, hakitaki mchezo: baruti ikizidi, mtutu hupasuka. Verlin alikuwa akijaza vichupa vidogo vya plastiki, kila kichupa baruti ya risasi moja, ili binti akiwa porini na vidole vimekufa ganzi amimine tu, ashindilie kwa mdeki, apige.

Halafu mikono ya Verlin ikaanza kutetemeka. Daktari akaupa ugonjwa jina, akampa na vidonge, na mikono ikaendelea kutetemeka. Sisi wengine tukajifanya hatuoni kahawa inavyomwagika.

Jumamosi ya kufungua msimu nilipita kwake asubuhi, nikamkuta amechangamka kuliko nilivyomwona mwaka mzima. Mezani kulikuwa na mizani ndogo, na pembeni vichupa vimepangwa kama askari. Akanieleza kwamba safari hii ameishinda mikono yake. Kile kikombe cha shaba cha kupimia, chenye mistari ambayo siku hizi haioni vizuri, amekiweka kando. Amepima kwa uzito, punje tisini, kwa kile kipimo cha baruti, kila kichupa, bila kuzidi wala kupungua.

"Mizani haijali mikono ya mtu, Burl," akasema.

Nikamuuliza ametumia baruti gani. Akanisogezea kopo. Ilikuwa ile baruti mbadala, maana baruti nyeusi ya asili imeadimika madukani kwetu.

"Verlin, hii haipimwi kwa mizani."

"Hakuna kisichopimwa kwa mizani."

"Baruti nyeusi, sawa, kikombe na mizani vinakaribiana. Hii ni nyepesi, bwana. Tisini yake ni ya kwenye kikombe. Ukiifuata kwa uzito umezidisha zaidi ya theluthi."

Akaniambia mtu aliyeuza mahindi yake kwa kukadiria kwa macho maisha yake yote anywe kahawa anyamaze. Lakini nilimwona anakitazama kichupa kimoja. Baadaye, kwa sauti ya chini, akasema vichupa vilijaa mpaka vifuniko vikawa vigumu kufunga, na yeye alimtukana aliyevitengeneza.

Nikachukua kikombe cha shaba, nikavuta kitako chake kinachoteleza mpaka mstari wa mwisho, punje mia na ishirini, nikamimina kichupa kimoja. Kikombe kikajaa, baruti ikamwagika juu ya kitambaa cha meza.

"Twyla yuko wapi?" nikauliza.

Verlin alinyoosha mkono kuelekea kilima cha nyuma ya nyumba. Binti aliondoka kabla hakujapambazuka, na vichupa mfukoni.

Nyuma ya kilima kile simu hazishiki. Nilijaribu hata hivyo, kisha nikatoka nikaingia kwenye gari langu, nikabonyeza honi, nikaishikilia, huenda akaisikia akashuka. Sikujua la kufanya zaidi. Goti langu ni la chuma, na Verlin hapandi hata ngazi za kanisa. Nilipoiachia honi kidogo kupumzisha mkono, ndipo mlio wa gobori ukaja kutoka juu.

Verlin alikuwa amesimama barazani na soksi.

"Umelia kawaida?" akaniuliza.

"Kawaida."

"Usinidanganye, Burl."

"Sijui, bwana. Kwa umbali huu, wallahi sijui."

Tukasikiliza. Gobori likiwa zima mtu hushindilia tena, pengine akapiga tena. Hakukuwa na mlio wa pili. Verlin akakaa chini avae viatu vyake vya porini, na kamba zikamshinda. Nikapiga goti nimfungie, na vidole vyangu navyo vikanikataa. Niliogopa vibaya sana. Wazee wawili tulikuwa tunahangaika na kamba ya kiatu kimoja, na mtoto yuko kilimani.

Twyla alitokea kwenye uzio, gobori begani, uso wake mzima, mikono yake yote miwili. Alikuja akilalamika kwamba kuna mwendawazimu amemfukuzia kulungu kwa honi, na yeye kwa kushtuka akakosa. Baba yake alimshika mashavu kwa ile mikono inayotetemeka.

"Umepiga kwa kichupa changu?"

Twyla akanitazama mimi. Kupitia mlango uliokuwa wazi akaona meza, mizani, na kikombe kimezungukwa na baruti iliyomwagika. Angeweza kudanganya, na nilitamani adanganye. Lakini huyo ni mtoto wa Verlin.

"Baba, vyako huwa navimwaga. Napima upya kwa kikombe changu, kule bandani."

"Mwaka huu?"

"Tangu mikono ilipoanza."

Verlin akatikisa kichwa kukubali. Akasema vizuri, ni vizuri sana, akarudia tena. Akaingia ndani, akakaa mezani, akavuta kichupa cha kwanza kati ya vilivyobaki airudishe baruti koponi. Kifuniko kilikuwa kimekaza. Twyla akanyoosha mkono amsaidie.

"Kaa, mwanangu," akasema. "Hiki nakiweza."

Hakukiweza. Tulikaa tukimwangalia.