Kikuba changu kiko kifuani kwa mke wa kakangu

Jamani, leo nimenyang'anywa mamangu kwa kitufe kimoja tu.

Mama ana kompyuta kuukuu sebuleni, hapa Kibokoni, ya kusikilizia darsa baada ya Alasiri. Miaka miwili sasa, kila Alhamisi inamwandikia kwamba brauza imepitwa na wakati, na darsa haifunguki.

Basi hunipigia simu. MIMI.

Natoka kazini Shimanzi, nafika, nabonyeza "Baadaye", darsa inafunguka. Mama ananiombea dua, kisha ananibandika kikuba kifuani, maua ya asmini na rehani aliyoyafunga kwa mkono wake.

Leo simu haikulia.

Nikaenda hivyo hivyo. Nikamkuta mke wa kakangu, hata mwezi hajamaliza nyumbani, amekalia kiti changu. Yeye kabonyeza "Sasa", brauza isasishwe.

Kompyuta ikajizima (nikaomba isiwake, Mungu anisamehe), ikawaka, na darsa hiyoo.

"Kumbe ni rahisi hivi?" Mama akaniuliza. "Na wewe miaka yote hiyo?"

"Ni nzee, Mama. Nilichelea itakufa."

Wala hakunisikia. Alikuwa akimbandika mwenzangu kikuba. Nikatabasamu mpaka mashavu yakauma.

Haya, nitukaneni, lakini semeni kweli: nyinyi mngefanyaje?

Maana hiyo "Sasa" nilikuwa nikiiona tangu siku ya kwanza.

Ningeibonyeza, Mama angeniitia nini tena?