Asiyelima Hakimbii

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu umeyalalia mabonde ya Mlola, na Mwalimu Filomena Shemhilu anapuliza filimbi. Wanachuo sita wanashuka mteremko mbio. Chini yao, katika shamba la kabichi la timu, mama mmoja mwenye kanga juu ya sweta anapalilia.

“Usimtazame sana, ataona haya,” mwalimu ananong’ona.

Filomena, miaka 41, anafundisha jiografia katika chuo kidogo cha ualimu. Ndiye pia kocha wa riadha, mweka hazina na, siku mbaya, mkandaji wa vifundo vya miguu. Kiwanja chake kimelala upande. Mpira ukikuponyoka, unaufuata kwa jirani.

Zamani fungu la michezo lilitoka serikalini. Tangu lije soko huria, jibu limekuwa moja: jitegemeeni. Basi timu ikapanda kabichi, na wenye malori kutoka Dar es Salaam huzinunua hapo hapo shambani. Msimu uliopita walipata shilingi elfu ishirini na sita. Safari ya mashindano ya vyuo Tanga ilitaka elfu thelathini.

“Zilizopungua nilitoa mimi,” anasema akicheka. “Mume wangu alinuna siku mbili, halafu akauliza tunaondoka lini.”

Ndiyo maana timu ina sheria isiyo na mjadala: asiyelima hakimbii.

Sheria hiyo ilimkumba Nasra, msichana mwenye pumzi kuliko wote. Wiki tatu hakushika jembe. Masomo yakiisha tu, hayupo. Filomena akamfuta kwenye timu bila kumuuliza.

“Nilidhani anaringa,” anasema, na sauti inamshuka. “Kumbe mama yake yu hoi kwa kifua, na mtoto anakimbilia kumpikia na kumpalilia maharage. Iliniuma, kwa sababu na mimi ni mzazi.”

Aliyajua hayo Jumatatu moja, Bi Halima, mama yake Nasra, alipobisha hodi, jembe begani.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwalimu. Nasikia mwanangu amefutwa kwa kutolima. Alikuwa akiniuguza mimi.”

“Nilikosea, mama. Sikujua.”

“Hukukosea. Kwenye msaragambo, nyumba ikikosa mtu hutuma mwingine. Yeye amenilimia mimi, na mimi nimekuja kumlimia yeye. Nionyeshe tuta lake.”

Milimani humu hakuna asiyeujua msaragambo, kazi ya kijiji isiyosamehe nyumba yoyote. Filomena alimsihi apumzike kwanza. Bi Halima alikuwa ameshakunja kanga. Mwalimu alisimama kati ya kabichi akalia, wala hafichi.

Nasra akarudi kwenye timu siku hiyo hiyo. Mama yake, nafuu ilipokolea, hakuacha kuja; ndiye yule anayepalilia kule chini.

Sasa Filomena ana mpango. Tuta la chini amepanda karoti, na zikipata bei, gari la Tanga litakuwa na nafasi moja zaidi, ya Bi Halima. Wanariadha wote wameafiki, maana kama asiyelima hakimbii, aliyelima hawezi kuachwa nyumbani. Bi Halima hajawahi kumwona mwanawe akishindana.

“Mnataka na mimi nikimbie?” anauliza, akiegemea jembe.

“Hapana, mama. Wewe utakaa utazame.”

“Huko Tanga kuna baridi? Nibebe sweta?”

“Joto tupu, mama. Liache.”

Bi Halima anatazama juu, Nasra anakokata kona ya mwisho.

“Nitalibeba tu,” anasema. “Akimaliza mbio atakuwa na jasho. Asije akapigwa na upepo.”