Uganda Nzima Inaishia Karuma

Mwenye gari alinihakikishia kwamba gari lake la kukodisha linakwenda Uganda nzima. Maneno hayo alikuwa ameyachoresha hata ukutani, kwenye ofisi yake ya Kabalagala, hapa Kampala, chini ya picha ya gorila anayetafuna majani. Aliniita Hajati, ingawa Makka sijafika, akanipa kiti na kulisifia gari lake utadhani ni binti anayemtafutia mchumba. Uungwana wote huo ulikwisha aliponiuliza kabila langu nami nikamjibu kwamba ni Mnubi. Hapo akataka pasipoti.

Nikamwuliza pasipoti ya nini, na kitambulisho changu cha taifa kiko mkononi mwake. Akasema, bila hata haya, kwamba sisi si ni watu wa Sudan. Babu wa babu yangu aliletwa huku na Waingereza akiwa askari wao, na tangu hapo ukoo wetu umezaliwa na kuzikwa katika ardhi hii. Mimi nimezaliwa Kibuli, nauza mashuka soko la Owino, na Kiganda changu kinamshinda kijana yule. Damu ilinichemka. Ningekuwa na shida nyingine ningeinuka nikaondoka, lakini sikuwa na muda wa kuringa, kwa sababu ya macho ya mama.

Daktari alikuwa ametuambia wazi kwamba macho yale yanafunga, dawa zinachelewesha tu. Mama alikuwa amebakiwa na kitundu cha katikati, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Kitu kikitulia, anageuza kichwa polepole na kukikusanya kipande kwa kipande mpaka akijue. Kikikimbia, kimempotea. Na kabla giza halijafunga kabisa alitaka jambo moja: kuuona mto Naili pale Pakwach.

Naili ya Jinja alishaiona na hakuwa na haja nayo. Aliitaka ile ya baba. Baba alikuwa dereva wa lori, akipeleka bidhaa Arua na kurudi na tumbaku, na kila akirudi, samaki wa Pakwach walikuwa wamefungwa kwa kamba mbele kwenye bampa, wapigwe na upepo wasioze, wala wasimnukishie alipokaa. Watu wanasafirisha samaki hivyo mpaka leo. Mama aliwafungua, akawaosha vumbi la safari nzima, huku baba akimsimulia upana wa mto na viboko wake. Mwaka ujao nitakupeleka, alisema. Alisema hivyo miaka yote mpaka akafa. Mama akabaki anaujua mto ule kwa magamba ya samaki.

Basi nikameza hasira, nikamwachia mwenye gari kitambulisho changu, na alfajiri tukaondoka. Mama alikuwa amejifunga gurbaba mpya, zile nguo mbili za wanawake wa Kinubi, kama anayekwenda arusini.

Nilitaka kumwonyesha nchi. Tazama mananasi ya Luweero, nilimwambia, tazama ng'ombe wenye mapembe marefu, tazama magunia ya makaa. Kila niliposema tazama, kitu kilikuwa kimekwisha kupita, na mama alikuwa bado anakitafuta kwenye kioo. Nikipunguza mwendo, malori ya nyuma yananipigia honi kana kwamba barabara ni ya mama zao. Nikaanza kuichukia lami ile kwa uzuri wake.

Tulipofika Karuma, mlango wa kuingilia kaskazini, maji yalikuwa yanaunguruma chini ya daraja, povu tupu. Darajani hakuna kusimama. Wanajeshi wanalinda na wanakupungia upite. Nikapita. Mama akauliza kama lile lilikuwa daraja. Nikamwambia ndilo, na tayari pembeni ilikuwa miti tu.

Tulikuwa tumekwisha kushika njia ya Pakwach simu ilipolia. Alikuwa mwenye gari. Kumbe ndani ya gari kuna chombo kinachomwonyesha kila lilipo. Akaniambia nimevuka mpaka, nirudi mara moja.

"Si ulisema Uganda nzima?"

"Uganda nzima inaishia Karuma, Hajati."

Nimetukanwa mara nyingi maishani mwangu, lakini sijasikia tusi kubwa kama hilo. Nusu ya nchi, na watu wake na makaburi yao, kijana ameifuta kwa simu. Nilimjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, nikakata. Mama alikuwa amesikia yote. Aliuliza kama turudi, nikamwambia haturudi.

Kabla ya daraja la Pakwach nilimweleza kwamba hapa nako hakuna kusimama, ila nitakwenda mwendo wa kobe, naye atazame kushoto, asigeuke. Tukaingia darajani. Katikati, injini ikazima. Usukani ukawa mzito, gari likaserereka kidogo na kutulia. Mwenye gari alikuwa amengoja nipunguze mwendo, akalizima kwa chombo kile kile. Akapiga simu kusema atawasha nikiahidi kugeuza. Nilifoka mpaka sauti ikakauka.

Mwanajeshi akaja, bunduki begani.

"Mama, hapa hapana simama. Toa gari."

Nikamweleza kwamba gari limezimwa na mtu aliyekaa Kampala. Sijui kama nilikuwa naeleza au nalia. Akaichukua simu mkononi mwangu. Nilimsikia mwenye gari akianza kwa Kiingereza, akahamia Kiganda.

"Mimi nasikia Swahili tu," mwanajeshi akasema. "Unafunga daraja ya serikali. Washa gari ya huyu mama."

Kijana aliyekuwa na maneno yote ya dunia sasa akawa na mawili tu, ndiyo na afande. Nilifurahi, na sioni aibu kusema nilifurahi. Hata hivyo hasira haikutoka, na mpaka leo nikiliona gari lenye maandishi ya Uganda nzima ubavuni natamani kulipiga teke.

Nikageuka kumwambia mama kwamba tunaondoka. Hakuwa kwenye kiti. Alikuwa amepapasa mlango akatoka, ameshika chuma cha daraja kwa mikono miwili, na kichwa chake kilikuwa kinakwenda polepole, kutoka ukingo ule tuliotoka, juu ya maji mapana na magugu yanayoelea. Mwanajeshi akauliza mzee ana nini. Nikamwambia habari ya macho. Kwenye simu yule kijana alikuwa anauliza kama awashe.

"Mwambie asiwashe kwanza," mama akasema bila kugeuka. "Sijafika ng'ambo."

Mwanajeshi akamwambia yule wa Kampala angoje, akanirudishia simu, akaenda kuyasimamisha malori nyuma yetu.