Mlango wa Bi Mahfudha Wawaka Taa

…na kikawaka! Bila betri, bila waya wa umeme, bila kiberiti! Pete ya mlango imegongwa mara moja tu, kitaa kikamemeta chekundu! Lakini mama mwenyewe, je, alikiona? Ngojeni, tuanze asubuhi.

Saa mbili asubuhi, mtaa wa Kuze. Fundi Gharib Abdulghafur, mwenye miaka arubaini na mmoja, amepiga magoti mbele ya mlango wa mamake, Bi Mahfudha, bisibisi mdomoni. Kazi yake ni redio na gramafoni. Siku njema hutengeneza tatu, siku mbaya hushinda akipangusa vumbi. Leo kafunga duka.

"Mamangu haskii hodi," aniambia. "Watu wabisha mara tatu, kisha waenda zao, ndiyo adabu. Yeye yumo ndani, hana habari. Mtaani washaanza kusema yuwaringa."

Bi Swabaha, shoga wa Bi Mahfudha tangu walipokuwa wasichana wakisoma Kurani chuoni, alibisha mara tatu siku ya Idi. Hakufunguliwa. Miezi saba sasa hajakanyaga.

Nyumba haina umeme. Betri nazo, asema Gharib, huoza kwa hewa ya bahari kabla mgeni hajaja.

Dawa aliipata ndani ya gramafoni. Pale inaposhikwa sindano pana kipande cha fuwele. Sindano ikikitikisa, chatoa umeme kidogo, nao ndio unaogeuka wimbo. Gharib akajiuliza: je, kikigongwa kwa nguvu?

Alizitengeneza fuwele zake jikoni: unga mkali wa waokaji keki, magadi ya kufulia na maji ya moto, kisha kungoja siku kumi. Ishirini na sita ziliharibika.

"Hewa yetu hii! Waziacha ngumu kama jiwe, ukirudi zimelowa kama halua."

Mwisho akazivika vitambaa vilivyochovywa lakiri, ile ya maseremala kung'arishia vitanda, tabaka juu ya tabaka, na karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara kila upande ili umeme upate pa kupita. Fuwele peke yake huyeyuka. Lakiri peke yake haitoi umeme. Pamoja zimevumilia masika nzima.

Ya kwanza aliitia chini ya ubao wa daka, kile kibaraza cha mlangoni, pale mgeni anaposimama kupiga hodi. Akaikanyaga mwenyewe, kitaa kikawaka. Akafurahi. Wageni wakaja wiki nzima, kitaa kimya.

Ni dadake, Mwanaesha, aliyeng'amua.

"Gharib, nani apanda daka la mtu na viatu? Sote twavua chini, twapanda na nyayo tupu. Ni wewe tu uliyelijaribu na viatu vyako vya ngozi!"

"Nilikuwa kazini."

"Ulikuwa wakanyaga jamvi langu!"

Unyayo mtupu hubonyeza polepole. Fuwele yataka kugongwa. Ndiyo maana leo Gharib anaihamishia mlangoni, nyuma ya pete ya chuma ya kubishia. Waya wapita juu mpaka alipoketi mamake. Kitaa, alichokitoa kwenye bisibisi ya kupimia umeme, kimo ndani ya kopo la maziwa lililopakwa rangi nyeusi ili mwako uonekane.

Alasiri Mwanaesha akamleta Bi Swabaha, nusu kwa kumvuta.

"Nibishe mara ngapi safari hii?" auliza Bi Swabaha.

"Moja, mama," asema Gharib.

"Na asipofungua?"

"Basi nenda zako, nami nirudi kwenye redio zangu."

Akagonga. Gharib, aliyechungulia dirishani, akapiga kelele: kimewaka! Mlango haukufunguka. Sote tuliosimama nje tukatazamana.

Komeo likalia. Bi Mahfudha huyo, buibui begani.

"Miezi saba, Swabaha! Ulikuwa wapi?"

Bi Swabaha alionyesha kwa kidole chini, pale pale aliposimama siku ya Idi.

Bi Mahfudha akamshika mkono, akamwingiza, mlango ukafungwa. Sisi tukabaki nje.

Gharib aketi barazani, apangusa bisibisi. Sasa ataka kupanga fuwele nyingi ndogo ndogo kwenye lakiri moja, mpaka hata unyayo mtupu uwashe taa. Jirani wawili wenye wazee wasiosikia washamwomba.

Ndani kicheko hakikukatika mpaka magharibi. Walikuwa wakisema nini? Kesho asubuhi naenda kubisha, mara moja tu, na nitakayoyapata nitawaletea yakingali moto.