Gome la Pande Nne

Watu wa Mwakirunge wakiutaja mwarobaini hushusha sauti kwa adabu, utadhani wanamtaja mkwe. Kanze akiutaja hutema mate. Alikuwa na kinyongo nao tangu utotoni, siku mama yake alipombana pua na kummiminia kikombe cha maji ya gome lake ili homa imtoke. Akakua, akaolewa, akafiwa na mume, akaachiwa kipande cha malisho na ng'ombe mmoja aitwaye Bahati, na mti ule ukamfuata hukohuko.

Ulimfuata kwa uchafu. Popo walikula matunda yake, wakatema kokwa zenye ute kila mahali, na kukipambazuka shamba lilinuka utamu uliooza mpaka Kanze akaziba pua kwa leso. Kila kokwa iliota. Miche ikawa vichaka, vichaka vikafunga kivuli, na chini ya kivuli nyasi zikafa. Alikata kwa panga, visiki vikachipua kwa fujo kuliko mwanzo. Bahati, aliyekuwa hana tena cha kutafuna, akaanza kula majani yaleyale, na maziwa yake yakawa machungu. Mteja mmoja aliyanywa siku ya kwanza kwa kuona haya. Siku ya pili aliyamwaga mtaroni Kanze akiona.

Munga, ndugu wa marehemu mumewe, ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho juu ya ardhi ya ukoo.

"Shemeji," alimwambia, "vuli ikipita bila nyasi, ng'ombe atoke. Hapa nitawapa watu wachimbe mawe."

Kanze aliijua njia ya kuumaliza mti: kuuambua gome mzunguko mzima ukauke umesimama, kisha kung'oa machipukizi yangali laini. Lakini ilikuwa kazi ya kuvunja mgongo, na wake ulikuwa mbovu tayari. Kilichomchefua zaidi ni kwamba waambuaji walikuja wenyewe kila uchao, visu mkononi, kutafuta dawa. Walichukua gome la upande jua linapotoka na la upande linapotua, basi. Ndivyo dawa inavyochukuliwa. Mti ulibaki na pande mbili nzima, ukapona, ukazaa tena.

"Chukueni na kusini, chukueni na kaskazini," aliwasihi.

"Toba!" jirani yake Mwanatabu akaruka. "Shoga, wataka kutuzika? Gome likizungukwa, mgonjwa hufa pamoja na mti!"

Waliondoka na mifuko yao, wameacha maganda na makohozi chini ya mti. Kanze alichukizwa nao kama alivyochukizwa na popo. Akangoja wapotee njiani, akashika panga, akazimaliza zile pande mbili zilizobaki. Alianza na mti mkubwa kuliko yote, na kila machipukizi yalipotokea aliyang'oa.

Vuli ilipokaribia, mti ule ulikuwa umepukutika wote. Jua lilifika chini, na manyunyu ya kwanza yakaamsha nyasi, kiraka cha ukubwa wa mkeka. Kanze alipiga magoti akazishika kwa vidole. Hakuwahi kuona kitu kizuri namna ile.

Siku ileile wakamjia kundi zima, Munga mbele, Mwanatabu nyuma amejishika tumbo.

"Wallahi nililinywa gome la mti huu! Tangu uanze kukauka tumbo lanisokota!"

"Shemeji, mti wa pili hugusi," Munga akasema. "Siwezi kulaumiwa kwa roho za watu. Ng'ombe atoke, yaishe."

Kanze akawasha moto. Magome ya mti ule alikuwa ameyarundika jikoni yawe kuni, pamoja na maganda waliyoyaacha, ya pande zote nne. Akayatia sufuriani mbele yao, akachemsha mpaka maji yakawa rangi ya maji ya mtaro. Harufu ilipompanda puani, miaka yote ikarudi, na mkono wa mama yake pamoja nayo. Akanywa. Ulimi ukamfia kinywani. Tumbo likapanda mpaka kooni, akalimeza. Likapanda tena, akalimeza tena, machozi yakimsimama, maana alijua fika kwamba akitapika, Bahati ameondoka.

Akageuza kikombe chini juu. "Haya. Nimekufa?"

Walimkodolea macho wakingoja aanguke. Hakuanguka. Mwanatabu akalisahau tumbo lake.

"Hata hakutapika," akanong'ona. "Kumbe ya pande nne ndiyo yenyewe!"

Kesho yake asubuhi walijaa shambani, na safari hii waliiambua miti mzunguko mzima, wengine wakigombania upande wa kaskazini. Munga alisimama kando, akawapisha. Vuli ilipokolea, Bahati alikuwa akila nyasi, na maziwa yakarudi kuwa maziwa.

Ila kulikuwa na sharti. Hakuna aliyethubutu kunywa gome la mti mpya kabla ya Kanze.

"Tangulia wewe, mamangu," Mwanatabu alisema, akimnyooshea kikombe kinachofuka moshi. "Mti huu nao tuuone kwako kwanza."

Kanze akatazama shamba. Nusu ilikuwa nyasi. Nusu ya pili ilikuwa bado mwarobaini mtupu, umeshikana, unanuka. Akajibana pua mwenyewe, akapokea kikombe.