Magnesi Niliyoisahau, Lawama Nikamtwika Njuguna

Siku ile haijanitoka moyoni, mwanangu, na nikiikumbuka hasira hunipanda hadi leo. Ninayemkasirikia ni mimi mwenyewe.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikuwa nasoma chuo katikati ya Nairobi, nikitoka Riruta kila asubuhi, mtu wa kwanza kwetu kuvaa koti jeupe la maabara. Kiburi kilinijaa hadi kooni.

Tulipewa jaribio la kinase, kimeng'enya kinachoitoa fosfeti ya mwisho kwenye ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, na kuipachika kwenye sukari. Changu hakikufanya lolote. Ulimi hauna mfupa, nikamwambia Daktari Mwanaisha, mwalimu wetu, "Ni Njuguna. Amekiacha nje ya barafu kikaharibika."

Njuguna alikuwa fundi wa maabara, mtu mzima wa Dagoretti, rika la baba yangu. Alimwambia Daktari tu, "Madam, hiyo kitu niliweka kwa barafu saa mbili. Kuja uone."

Nami nikacheka. Mwanangu, nilicheka!

Daktari akachukua kimeng'enya kilekile, akarudia jaribio mbele ya darasa zima. Kikafanya kazi. Kisha akafungua daftari langu. "Magnesi iko wapi?"

Sikuwa nimeitia chumvi hiyo ya madini.

"Fosfeti za ATP zina chaji hasi," akasema kwa ghadhabu. "Magnesi huzituliza, ndipo sukari iweze kuifikia ile ya mwisho. Kimeng'enya nacho hujifunga juu ya ATP na sukari, maji yasije yakaidaka fosfeti njiani. Bila magnesi kingefanya nini? Kimeng'enya hakina kosa, wala Njuguna hana. Umemchafulia mzee wa watu jina kwa uvivu wa kusoma mstari mmoja wa maelekezo! Mwombe radhi, hapa hapa."

Nikaomba. Njuguna akajibu, "Ni sawa, msichana wangu," lakini hakunitazama, na hakunitazama tena hadi nilipomaliza chuo.

Leo nawaona wenye shahada wakiwafokea mafundi na wafagiaji kabla hawajakagua kazi yao wenyewe. Yanikera mno! Nyani haoni kundule.

Basi sikia. Jambo likikukatalia, jichunguze kwanza. Na ukimvunjia mtu heshima hadharani, mwombe radhi hadharani, ukijua kwamba huenda asikurudishie macho yake kamwe.

Mungu akupe moyo wa kukiri mapema, mwanangu, na wote unaofanya kazi nao wakutaje kwa wema.